Makinda wa Padres: wanakotoka, wanakopelekwa, na namna ya kuwafuata

SWALI: Shikamoo. Naishi City Heights hapa San Diego. Mimi ni mtu wa soka, lakini mwanangu wa miaka 12 kaniingiza kwenye besiboli, na yeye hana habari na mastaa, anapenda makinda. Tulikwenda Lake Elsinore, kwenye timu ndogo ya Padres, kumwona Leo De Vries, akampenda sana. Julai 2025 Padres, klabu yetu ya hapa mjini, wakamtoa kwa klabu ya Athletics, mtoto akagoma kula. Tena kila Januari nasoma kwamba klabu imesajili mtoto wa miaka 16 kutoka Jamhuri ya Dominika kwa mamilioni ya dola, kisha simsikii tena. Wanapelekwa wapi hawa? Tuwafuatilieje bila kuumizwa kila mwaka? Na mbona simwoni hata mmoja wa kwetu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mpe mtoto pole, na umwambie ana jicho. Tatizo lake ni klabu aliyoiangukia. Tangu A.J. Preller akabidhiwe umeneja mkuu wa Padres mwaka 2014, sijaona wengine wanaosaka watoto kwa bidii ile na kuwatoa kwa wepesi ule. De Vries alisajiliwa Januari 15, 2024 kwa dau la kusaini la dola milioni 4.2. Wenzake wa umri ule huanzia ligi ya kiangazi kule kwao Dominika. Yeye alipelekwa moja kwa moja Lake Elsinore akiwa na miaka 17, na mwaka uliofuata Fort Wayne, ngazi inayofuata. Julai 31, 2025, saa chache kabla ya dirisha kufungwa, yeye na warushaji watatu wakapelekwa Athletics. Padres wakampata Mason Miller, mrushaji wa kumalizia mechi ambaye mpira wake unapita kilomita 160 kwa saa, pamoja na JP Sears.

Wewe wa soka utashangaa: pesa ya uhamisho iko wapi? Huku haipo, au ipo kidogo sana. Mchezaji hubadilishwa kwa mchezaji. Klabu inayotaka kombe Oktoba hii huifuata iliyo na mwaka mbaya ikaiambia: nipe staa wako, chukua vijana wangu watakaocheza miaka mitatu ijayo. Kwa hiyo kinda, hasa yule anayesifiwa na kila mtu, ndiye sarafu ya soko lenyewe. Kadiri jina lake linavyong'aa ndivyo simu zinavyozidi kupigwa kumuulizia.

Padres wamefanya hivi mara nyingi, lakini iliyotikisa ni ya Agosti 2, 2022. Walimtaka mpigaji Juan Soto kutoka Washington, wakalipa kwa CJ Abrams, MacKenzie Gore, James Wood, Robert Hassell na Jarlin Susana, wakaongeza na Luke Voit. Huyo Susana walikuwa wamemsajili Januari ya mwaka huohuo kwa dola milioni 1.7, hakumaliza hata mwaka. Abrams, Gore na Wood wote wamekwisha kuchaguliwa kucheza mechi ya nyota. Soto mwenyewe aliondoka kwenda Yankees Desemba 2023. Ukiisoma hivyo utasema Padres walitapeliwa. Mimi sisemi hivyo. Msimu ule waliwatoa Dodgers walioshinda mechi 111 na kufika fainali ya Ligi ya Taifa (moja ya nusu mbili za Ligi Kuu ya besiboli, MLB), na mji wako ulikuwa umengoja furaha ya namna ile kwa miaka mingi. Bei ilikuwa kubwa, lakini walijua wanachonunua.

Tena mlango huo huingiza pia. Fernando Tatis Jr., ambaye picha yake iko kila kona ya mji, alisajiliwa na Chicago White Sox mwaka 2015 kwa dola 700,000. Juni 2016, kabla hajacheza hata mechi moja ya kulipwa, White Sox wakamtoa pamoja na Erik Johnson ili wampate James Shields, mrushaji aliyekuwa anaelekea ukingoni. Kuna mtoto wa Chicago mwenye umri wa mwanao ambaye hakupata hata nafasi ya kumpenda Tatis.

Ushauri wangu wa kwanza basi: mwanao amfuate mchezaji na aiache jezi. Tangu 2023 ratiba imepangwa kila timu ikutane na kila timu msimu mmoja, kwa hiyo Athletics na Padres hukutana kila mwaka. Hajampoteza De Vries. Na wapo wanaobaki. Jackson Merrill alichaguliwa wa 27 katika drafti ya 2021, yaani zamu za klabu kuchagua vijana, akitokea shule ya sekondari Maryland, kila mwaka akatajwa katika uvumi wa kuuzwa, hakuuzwa. Machi 2024 alianza Ligi Kuu mjini Seoul akiwa na miaka 20, na Aprili 2025 akasaini mkataba wa miaka tisa wa dola milioni 135.

Sasa tuje kwenye Januari yako. Wachezaji wa Marekani, Kanada na Puerto Rico hupitia drafti ya Julai, ambayo siku hizi ina raundi 20. Wengine wote, yaani Dominika, Venezuela, Kuba, Kolombia, Meksiko, Panama na kwingineko, wako huru kusaini na klabu yoyote wakifika miaka 16, mradi watimize 17 kabla ya Septemba 1 ya mwaka huo. Dirisha lao la kusaini hufunguliwa Januari 15 na kufungwa Desemba 15. Kila klabu ina mfuko wake wa madau hayo, wenye ukomo. Kwa 2025 mfuko mdogo kabisa ulikuwa kama dola milioni 5.1 na mkubwa kama milioni 7.5. Ukomo huo hauvukwi, ingawa klabu zinaweza kuuziana sehemu ya mfuko. Dau lisilozidi dola 10,000 halihesabiwi kabisa, na ndiyo maana utaona klabu moja ikisajili vijana wengi sana ambao hakuna aliyewahi kuwasikia.

Lakini Januari 15 ni siku ya sahihi tu. Makubaliano yamefanywa zamani. Mtoto wa Dominika mwenye kipaji huchukuliwa na mkufunzi binafsi, wenyewe wanawaita buscones, ambaye humlisha, humlaza, humfundisha, humpeleka kwa maskauti (wasaka vipaji wa klabu), na siku ya malipo huchukua chake, mara nyingi asilimia 30 au zaidi. Klabu humwahidi dau kwa mdomo akiwa na miaka 13 au 14, wakati mwingine chini ya hapo. Hakuna karatasi, hakuna mahakama itakayoitambua ahadi hiyo. Januari 2025, Dodgers walipokuwa wakimfukuzia Roki Sasaki wa Japani (na Padres walikuwa nao hadi hatua za mwisho), walihitaji karibu mfuko wao wote. Sasaki alipewa dola milioni 6.5. Baadhi ya vijana waliokuwa wameahidiwa na Dodgers kwa miaka walijikuta wanatafuta klabu nyingine wiki ya mwisho. Mzee mwenzangu, fikiria uko San Pedro de Macorís, kule Dominika, na umeshaanza kujenga nyumba kwa ahadi ile.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu ukisoma "dola milioni nne" unasoma maoni ya skauti kuhusu mtoto ambaye sauti yake ilikuwa haijavunjika. Alikuwa na urefu fulani, akaendelea kukua au akasimama. Mabega yakapanuka au yakakataa. Dau ni habari ya zamani siku ileile linapotangazwa. Nalitumia kwa jambo moja tu: mwenye dau kubwa atavumiliwa muda mrefu zaidi akifanya vibaya, kwa kuwa kuna mkubwa ofisini ambaye jina lake limo kwenye ile hundi.

Ukitaka ushahidi, tazama darasa la Padres la msimu wa usajili wa 2016-17, kwa kuwa hilo limekwisha kuiva na hakuna tena cha kubahatisha. Enzi hizo klabu iliruhusiwa kupita mfuko wake, ila ilipe faini ya asilimia mia kwa kila dola ya ziada na kufungiwa kutoa madau makubwa kwa vipindi viwili vilivyofuata. Preller akaona heri. Pamoja na faini, Padres walitumia karibu dola milioni 80. Adrian Morejon wa Kuba alipata milioni 11. Jorge Oña, naye wa Kuba, milioni 7. Luis Almanzar wa Dominika milioni 4. Michel Baez wa Kuba milioni 3. Gabriel Arias wa Venezuela karibu milioni 2. Tirso Ornelas, kijana wa Tijuana, hapo ng'ambo ya mpaka wenu, milioni 1.5.

Wako wapi? Almanzar hakufika Ligi Kuu. Oña alionja mechi chache mwaka 2020. Baez aliingia na kutoka. Arias alipelekwa Cleveland mwaka 2020 katika biashara ya kumleta Mike Clevinger na huko akapata kazi ya kudumu. Morejon alivunjika, akapasuliwa kiwiko, akapoteza miaka, halafu akageuzwa mrushaji wa kuingia mechi ikiendelea, na mwaka 2025 akachaguliwa kwenye mechi ya nyota. Ornelas alicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu Aprili 2025, takriban miaka tisa baada ya kusaini. Ukimuuliza mhasibu atakwambia hasara. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo sura ya kawaida ya darasa lolote lenye fedha nyingi: mmoja anafaulu kwa njia ambayo hakuna aliyeitabiri, mmoja anafaulu kwa watu wengine, waliobaki wanayeyuka.

Na upande wa pili wa sarafu: José Altuve alisainiwa na Houston kwa dola 15,000, baada ya kufukuzwa kwenye majaribio kwa ufupi wake na kurudi kesho yake. Framber Valdez, 10,000, tena akiwa na miaka 21, umri ambao maskauti wa Dominika humwona mtu amekwisha kuwa mzee. Ronald Acuña Jr., 100,000. Wakati huohuo Kevin Maitan wa Venezuela, aliyesemwa kuwa hajaonekana mfano wake kwa kizazi kizima, alipewa na Atlanta dola milioni 4.25 mwaka 2016. Mwaka uliofuata Ligi Kuu iligundua Atlanta walikuwa wakizunguka kanuni za mfuko, ikawanyang'anya wachezaji 13, yeye akiwemo. Angels wakampa milioni 2.2 nyingine. Kwenye Ligi Kuu hakufika.

Umri nao hudanganywa. Washington walimsajili mwaka 2006 kijana aliyejiita Esmailyn González kwa dola milioni 1.4, mwaka 2009 ikabainika anaitwa Carlos Álvarez Lugo na ana miaka minne zaidi. Miaka minne katika umri ule ni kila kitu. Tangu hapo uchunguzi wa vyeti umekazwa, na makubaliano mengi husubiri hadi karatasi zipite. Wamiliki walijaribu kuleta drafti ya kimataifa ili kumaliza vurugu zote hizi. Chama cha wachezaji kikaikataa Julai 2022. Mkataba wa sasa kati yao unaisha Desemba 1, 2026, kwa hiyo mjadala utarudi, na huenda Januari unayoijua ikabadilika kabisa.

Haya, baada ya picha na kofia mpya, kinda anapelekwa wapi? Kwa Padres, kwanza ni akademia yao ya Najayo, kusini mwa Dominika. Huko hucheza ligi ya kiangazi kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi, jua likiwaka, watazamaji wakiwa makocha na akina mama wachache. Ndiyo maana humsikii: hakuna televisheni. Matokeo lakini huchapishwa kila siku kwenye tovuti ya ligi ndogo, bure. Akivuka hapo anakuja Peoria, Arizona, kwenye viwanja ambavyo Padres wanagawana na Seattle Mariners, acheze ligi ya mafunzo. Kisha Lake Elsinore Storm, daraja A. Kisha Fort Wayne TinCaps kule Indiana, A ya juu. Kisha San Antonio Missions, daraja AA. Kisha El Paso Chihuahuas, AAA. Wengi humezwa kati ya Peoria na Fort Wayne. Kwa mshahara, chama cha wachezaji kilipowachukua vijana hawa na kusaini mkataba wa kwanza Machi 2023, kima cha chini cha ligi ya mafunzo kilipanda kutoka dola 4,800 hadi 19,800 kwa mwaka, na AAA kikafika 35,800. Wale wa Najayo hawamo katika mkataba huo.

Nyinyi mna bahati ambayo mashabiki wengi hawana. Lake Elsinore iko kaskazini kwenu kwa barabara ya 15, mwendo wa saa moja na ushee foleni ikiruhusu. Nendeni mapema, kabla ya mechi, wakati wa mazoezi ya kupiga. Tiketi haina ukali, na kijana atakayekuwa staa kesho anasimama hatua tatu kutoka kwenye uzio akiwa na muda wa kuongea. Kama mwanao ana Kihispania cha shuleni, akitumie. Wengi wao wako mwaka wa kwanza au wa pili mbali na mama zao na watamjibu kwa furaha. Machi, kama mnaweza safari ya Arizona, viwanja vya nyuma vya Peoria ndiko wanakofanyia kazi wale wadogo kabisa.

Sasa sehemu ambayo nadhani mwanao ataipenda: kusoma takwimu zao. Watu huangalia wastani wa kupiga (.300 ni kufaulu mara tatu katika kumi) na homurani, yaani mpira uliopigwa ukavuka uzio. Mimi naanza na umri. Daraja AA mchezaji wa kawaida ana miaka 23 au 24. Kijana wa 19 anayepiga kwa wastani wa kati huko ni wa thamani kuliko wa 25 anayeongoza ligi. Baada ya umri naangalia mara ngapi ametolewa kwa straiki tatu, na mara ngapi amepewa besi ya bure kwa kuvumilia mipira mibaya. Kinda anayetolewa kwa straiki zaidi ya mara tatu katika kila mara kumi, akiwa bado Lake Elsinore, ananipa wasiwasi hata kama ana homurani ishirini, maana warushaji wa huko juu ni wakatili zaidi. Kwa mrushaji ni kinyume chake: kasi mtaisikia kila mahali, ninyi hesabuni besi za bure anazotoa.

Halafu jueni uwanja. El Paso uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, mpira unaruka kama umetumwa. Viwanja kadhaa vya ligi ile ni hivyo, Albuquerque, Reno, Salt Lake. Mpigaji wa Chihuahuas mwenye wastani wa .300 msimsherehekee haraka, na mrushaji wao anayepigwa-pigwa msimtupe. San Antonio ni kinyume, upepo na uwanja huwabana wapigaji, kwa hiyo takwimu za kawaida pale huficha mtu mzuri.

Mfano hai ni Ethan Salas, mdakaji wa Venezuela, aliyesajiliwa Januari 2023 kwa dola milioni 5.6. Padres walimwingiza Lake Elsinore Mei mwaka huo, siku chache kabla hajatimiza 17, na kabla msimu haujaisha wakamfikisha San Antonio. Mdakaji wa miaka 17 daraja AA! Ni jambo ambalo sijui klabu nyingine ingelithubutu. Mwaka 2024 wakamrudisha Fort Wayne msimu mzima na wastani wake ukawa .206. Mitandaoni wakamzika. Lakini rudi kwenye umri: alikuwa na miaka 18 akipambana na wanaume wa 22, tena akishika nafasi ngumu kuliko zote, ya kuongoza warushaji wazima wanaomzidi miaka mitano. Mwaka 2025 ndio ulionitia shaka mimi, na si kwa kupiga. Mgongo ulimwuma, akacheza mechi kumi tu. Mdakaji huchuchumaa mamia ya mara kwa siku. Mgongo wa mdakaji kijana ni jambo la kutazama kwa makini kuliko takwimu yoyote. Nadhani walimkimbiza, kwa kiasi fulani ili jina lake lipande bei. Hayo ni maoni yangu.

Mwezi mwingine ambao mwanao ausubiri ni Novemba, kuingia Desemba. Klabu ina orodha ya watu 40 wanaolindwa. Kijana aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini, baada ya misimu mitano lazima aingizwe kwenye orodha hiyo. Aliyesaini akiwa na 19 au zaidi, misimu minne. Asipoingizwa, klabu nyingine inaweza kumnyakua kwa dola 100,000 katika drafti inayoitwa ya Kanuni ya 5, kwa sharti kwamba akae kikosi cha Ligi Kuu msimu mzima, la sivyo arudishwe kwa aliyekuwa naye. Roberto Clemente alipotea hivyo kwa Dodgers mwaka 1954 na kwenda Pittsburgh. Padres Desemba 2016 walijichukulia watatu kwa mkupuo, Luis Torrens, Allen Córdoba na Miguel Díaz, vijana wa madaraja ya chini kabisa, wakawabakisha wote watatu Ligi Kuu mwaka mzima wa 2017. Timu ilikuwa mbovu, hawakuwa na cha kupoteza. Kwa shabiki, siku hiyo ya Novemba ya kufunga orodha inasema ukweli ambao hakuna meneja atakayeusema mbele ya kamera: nani klabu inamwamini, na nani imemwacha uani. Ndiyo pia sababu biashara nyingi za Julai huwahusu vijana waliobakisha miezi michache kabla ya kulazimika kulindwa. Nafasi 40 hazitoshi, bora umuuze kuliko kumpoteza bure.

Sasa wa kwetu. Wapo, ila si Padres. Mwafrika wa kwanza kucheza Ligi Kuu ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008, akakaa ligi ndogo hadi Aprili 26, 2017, na mara yake ya kwanza kusimama kupiga, dhidi ya Jon Lester wa Chicago Cubs, akaupiga mpira salama akafika besi ya kwanza. Kwa Afrika Mashariki, Uganda iko mbele mno. Timu yao ya watoto ilifuzu Kombe la Dunia la Little League mwaka 2011 ikanyimwa viza. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi wakafika Pennsylvania, timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano hayo. Mwaka 2022 Dodgers wakawasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, kisha Pirates wakamchukua Mganda mwingine, David Matoma. Dar es Salaam kuna uwanja wa besiboli pale Azania Sekondari uliojengwa kwa msaada wa Japani, lakini kutoka hapo hadi mkataba wa kulipwa bado ni mbali.

Angalia kitu kimoja: Waganda hawa watatu ni warushaji. Kasi ya mkono hupimwa kwa mashine, skauti akija siku moja tu ataiona. Kupiga ni jambo jingine. Mpigaji hujengwa kwa kuona maelfu ya mipira mikali tangu utotoni, mwaka mzima, na huko kwetu hakuna warushaji wa kutosha wa kumrushia. Ngoepe, ambaye alikuwa mchezaji wa ndani na mpigaji, alikulia kwenye jengo la klabu ya besiboli ya Randburg ambako mama yake alifanya kazi. Mtoto aliamka na kulala uwanjani. Kwa hiyo nikiulizwa wa kwetu atakayefuata atakuwa nani, nasema mrushaji tena, pengine miaka mingi kabla ya mpigaji.

Matoma amekwisha kupitia Bradenton, daraja A la Pirates. Mwanao aandike jina lake kwenye tovuti ya ligi ndogo, na kila mechi anayoingia itaorodheshwa hapo kwa tarehe. Akiifungua, aanze na safu ya besi za bure. Kasi ndiyo iliyompatia mkataba. Besi za bure ndizo zitakazosema kama atapanda.